Muuguzi Aliyerekodi Giza

Wasikilizaji wapendwa, mgeni wangu alipoketi mbele ya maikrofoni hii, sikumwelewa. Nilimwalika aeleze mitambo, naye akaeleza mitambo. Sikutambua kwamba muda wote ule alikuwa akimzungumzia binti yake.

Leo tunamkumbuka mgeni huyo, muuguzi wa wodi ya majeruhi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinasa. Alifariki dunia mwanzoni mwa msimu huu wa ligi, kwa maradhi ya moyo. Yeye alikuwa muuguzi. Binti yake ni mchezaji wa mpira. Mechi zilichezwa mchana, na mchana baba alikuwa zamuni, akifunga bandeji. Alitaka jambo moja tu: arekodi mechi za mwanawe, azitazame akirudi nyumbani.

Akajiundia kinasa cha matangazo kwa kompyuta kuukuu iliyounganishwa na dishi. Ndani yake aliweka programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Chaneli za bure zilirekodiwa bila tatizo. Lakini ligi ya wanawake ilirushwa kwenye chaneli ya kulipia, na matangazo yake yalifungwa kwa msimbo. Kuyafungua kulihitaji kadi. Kadi alikuwa nayo. Alilipa. Narudia, wasikilizaji wapendwa: alilipa, mwezi baada ya mwezi.

Hata hivyo, kadi ile ilikubali king'amuzi cha kampuni ya chaneli hiyo pekee. Nacho king'amuzi hicho hakikuweza kurekodi. Mkewe anayakumbuka mazungumzo ya simu na mhudumu wa wateja:

"Mzee, zima kifaa, subiri kidogo, kisha washa."

"Mwanangu, nimekizima hadi nacho kimenichoka."

"Basi tumia king'amuzi chetu."

"Kinarekodi?"

"Hapana, mzee. Kuna jingine naweza kukusaidia?"

"Jingine? Hata hili hujanisaidia!"

Ndipo akafanya kosa ambalo ni la wapenzi wa mitambo peke yao. Alirekodi mechi zikiwa zimefungwa vilevile, akiamini kwamba siku kadi itakapokikubali kinasa chake, zote zitafunguka. Msimu mzima. Diski zikajaa kabatini, juu ya mashuka. Ukizicheza, unaona weusi mtupu.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "wenzako huweka akiba ya nafaka, wewe unaweka akiba ya giza."

Wajuzi wenzake wa programu huria ndio waliomfungua macho: funguo za matangazo hubadilishwa daima, na kadi haibaki na zile za zamani. Giza lile lingebaki giza. Jirani akajitolea kumletea misimbo ya wizi. Alikataa katakata. "Nawezaje kuiba kitu nilichokilipia?"

Siku ya fainali mkewe aliielekeza simu kwenye televisheni ili arekodi. Binti akafunga bao. Mama akaruka! Simu ikarekodi dari na kelele za mama mwenye furaha. Baba alirudi jioni, akaitazama rekodi hiyo yote, akasema, "Mke wangu, dari letu limecheza vizuri."

Binti anasimulia: "Ikabidi nimwigizie sebuleni. Soksi tulizoviringisha ndizo mpira. Baba alisimama mlangoni pa jikoni, golini, bado ana sare ya kazi. Kila nikifunga ananiambia, 'Rudia, mwanangu.' Nikarudia mpaka soksi zikafumuka. Bao lenyewe hakuwahi kuliona."

Hakuwahi kuliona, wasikilizaji wapendwa, na alikuwa amelilipia. Nimefunzwa kupima maneno, lakini hapa subira inanishinda. Tunapowapa mjane wake na binti yake pole, tujiulize pia: kufuli linalomzuia mwizi na mwenye mali kwa pamoja, linamlinda nani?

Tangu mazishi, klabu ya binti huyo hurekodi mechi zake yenyewe. Kila familia hupewa nakala inayofunguka kwenye kifaa chochote.