Kisanduku cha Tarehe ya Kupona

Ndani ya basi, mwalimu wa hesabu alikuwa ameketi nyuma ya abiria wawili, na masikio yake hayakuwa na adabu. Mbele yake mshonaji wa makamo alikuwa ameweka fomu ya posho ya walemavu juu ya mkoba. Fundi bomba, aliyekutana naye humo humo basini, alishajifanya wakili wake.

"Wanataka tarehe ya kupona," mshonaji alisema. "Mara ya kwanza niliandika 'Mungu akipenda.' Wakairudisha, eti jibu halijakamilika."

"Andika 'kamwe', dada."

"Nijiapize mwenyewe? Kuna wiki nashona magauni matatu, na kuna wiki sindano inanishinda. Daktari naye anasema tusubiri tuone."

"Basi andika mwakani."

"Mwakani kukifika na vidole ni hivi hivi, posho inakatwa. Na leo ndiyo siku ya mwisho, kaka. Fomu ikirudi tena, nimekosa."

Mwalimu, aliyewafokea watoto miaka ishirini kwamba kila swali lina jibu, aliona shule yake ikipita dirishani na hakupiga kengele. Ilikuwa lazima aone mshonaji ataandika nini.

Basi likasimama mbele ya ofisi ya ustawi wa jamii. Mshonaji aliandika siku, akaandika mwezi, kisha kalamu ikaganda. Akainuka, akageuka nyuma.

"Na wewe unayenyoosha shingo tangu sokoni, ungeandika mwaka gani?"

Mwalimu akahesabu kwa vidole, akaanza upya, kisha akaficha mkono mfukoni.

"Kumbe tuko wengi," mshonaji alisema, akashuka na fomu yake.