Fundi Aliyeacha Kidonge cha Pili

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Fundi hata kwenye vikao vya ukoo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Baada ya sekondari alijifunza ushonaji, na mwaka 1984 akafungua duka lake nyuma ya soko.

Mume alimpata hapohapo dukani. Dereva mmoja wa lori alileta suruali ileile kufupishwa mara tatu. Fundi akamwambia, "Kaka, ukirudi tena utaondoka na kaptula. Sema shida yako." Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988.

Hedhi ilipokoma, joto la mwili lilimtesa. Daktari alimpa vidonge vya aina mbili: estrojeni ya kutuliza joto, na projesteroni ya kwenda nayo. Hiki cha pili kilimsinzisha kwenye cherehani, naye alikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza. Akakiacha kimyakimya. Damu ilipoanza kutoka tena, alimtania mdogo wake, "Ujana umenirudia!" Alitania hivyo mwaka mzima, na inauma kulisema.

Februari 2021 aligundulika na saratani ya utando wa mji wa mimba, ikiwa imeshasambaa. Daktari alimweleza kwamba estrojeni hukuza utando huo na projesteroni huudhibiti. Estrojeni ikibaki peke yake, utando hunenepa na seli zake huweza kugeuka saratani.

"Yaani nilimpa mlinzi likizo?"

"Ndiyo, mama. Na hata bila vidonge, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni."

Hakukaa kulia. Nyuma ya pazia la kupimia nguo, kila mteja aliyevuka hamsini aliulizwa, "Kiuno tumemaliza. Haya, tangu hedhi ikome, damu unaiona?" Wengine walinuna wakahamia kwa mafundi wengine. Hakujali. Mdogo wake, mnene kama yeye na asiyewahi kumeza vidonge hivyo, alijibu, "Matone tu, dada." Fundi alifunga duka mchana kweupe akamkokota hadi hospitali.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2023, akiwa ameagiza, "Msije mkasoma kwamba niliugua kwa muda mfupi. Semeni nilimficha daktari damu." Basi tumesema.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na mdogo wake huyo, aliyefanyiwa upasuaji mapema akapona, na ndiye anayewasomea wasifu huu.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Mimi bado nipo.