Vifungo Viko Upande Wake: Maisha ya Verna Lohmann Pruett (1927–2016)

Verna Ottilie Lohmann Pruett alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1927, mjini Port Almeda, Iowa, katika nyumba ya mbao ya Mtaa wa Tatu, hatua mia mbili kutoka Mto Misisipi na hatua mia moja kutoka lango la kiwanda cha vifungo cha Haldane. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Emil Lohmann, mkata vifungo, na mkewe Ottilie, mchambuzi wa vifungo. Februari 1928 homa ya matumbo ilimchukua Emil, Verna akiwa na miezi minane. Mwaka uliofuata mto ulifurika, ukaingia sebuleni bila kupiga hodi, ukaondoka na picha ya harusi. Verna akakua bila baba na bila sura ya baba. Alichoachiwa ni koti, lililoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, lenye vifungo sita vya kombe, yale magamba ya chaza wa mtoni.

Alianza masomo mwaka 1933 katika shule ya Mtaa wa Tano. Akiwa darasa la tatu, mwalimu aliwaambia watoto wachore baba zao. Verna akachora koti.

"Verna, kichwa kiko wapi?"

"Hakijaletwa, mwalimu."

"Na miguu?"

"Iko pamoja na kichwa."

Nyuma yake alikaa Merle Brandt, ambaye baba yake, August, alizama katika mafuriko yaleyale ya 1929. Yeye alichora kofia. Wote wawili walipewa alama moja, na haikuwa nzuri. Urafiki ulioanza siku hiyo uliendeshwa kwa matusi kwa miaka themanini.

Verna alimaliza sekondari Mei 1945, na Jumatatu iliyofuata akaketi kwenye meza ya uchambuzi kiwandani, kwenye kiti alichokalia mama yake. Kwa miaka ishirini na miwili alipitisha vidoleni vifungo vilivyokatwa kwenye kombe za mtoni, akitenga vizuri na vibaya bila kuvitazama. Alijigamba kwamba akiwa amefumba macho angeweza kutambua kifungo chenye ufa, na mwanamume pia. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1967, kwa kuwa dunia iliamua kujifunga kwa plastiki, alipata kazi maktaba ya mji, chumba cha picha, akadumu huko hadi alipostaafu 1997. Humo alitunza picha elfu nne na mia mbili: wavua kombe katika mashua zao, akina mama wakishona vifungo kwenye kadi barazani, farasi aliyenasa matopeni mbele ya benki, nguruwe aliyeshinda tuzo na meya aliyesimama karibu naye, ambao bila maelezo ya nyuma ya picha ungekosea kuwatofautisha. Majina aliyaandika kwa penseli tu. Aliyethubutu kuandika nyuma ya picha kwa kalamu ya wino alitolewa nje, hata akiwa mchungaji. Mchungaji alitolewa mara mbili.

Picha moja ilikuwa ya ukutani. Ilipigwa Agosti 1924 mbele ya kiwanda: wakata vifungo kumi na tisa wamesimama mstari mmoja, na pembeni, dirishani, wasichana wa uchambuzi. Bamba lake la kioo, negativu ya zamani, lilipatikana mji ulipokuwa ukijiandaa kutimiza miaka mia, kamati ikasafisha picha upya kutoka kwenye kioo hicho, nayo ikazinduliwa maktaba tarehe 4 Julai 1961. Ndani ya bahasha iliyotunza kioo mlikuwa na karatasi ya majina, kutoka kushoto kwenda kulia. Wa nne kutoka kushoto: Emil Lohmann. Verna, mwenye umri wa miaka thelathini na nne, alimwona baba yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekunja mikono kifuani, kidevu juu, masharubu yamechanwa, mtu ambaye ungemkabidhi kiwanda au dada yako. Wa nne kutoka kulia, August Brandt, alitikisa kichwa wakati wa kupigwa picha, na mahali pa uso palikuwa na moshi tu.

Mjane wa August, Bibi Alma Brandt, aliletwa mbele ya picha akiegemea mkono wa Merle. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu si August wangu. August wangu ni yule pale," akasema, akinyoosha kidole kwa yule mzuri.

Watu walicheka kwa upole, na huko Port Almeda upole ni aina ya kofi. Aliyemshika mkono na kumketisha ni Verna mwenyewe. "Mama Alma, macho hayo! Kula keki, mama."

Bibi Alma akala keki. Alifariki mwaka 1966, na hakuna aliyemwuliza tena. Familia nyingine nazo zilihisi kuna kitu, lakini wote kumi na tisa walikuwa na masharubu yaleyale, kofia ileile na vumbi lilelile la kombe. Isitoshe, Mlutheri akinung'unika hunung'unika kimoyomoyo, kisha huleta saladi ya viazi. Merle aliitwa Mtoto wa Moshi hadi posta, na Verna ndiye aliyelitunga jina hilo.

Tarehe 18 Septemba 1948 Verna alifunga ndoa na Lloyd Pruett, mpima mahindi kwenye maghala ya nafaka, katika Kanisa la Kilutheri la Sayuni. Mungu aliwajalia Joanne na Dennis. Lloyd alikuwa mume mwema asiyetazama anachovaa. Asubuhi ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1974, alitokea jikoni akihangaika na kifua chake.

"Verna, hili shati limefanya nini? Vidole vyangu vimesahau kazi."

Verna alishika mbavu kwa kicheko. "Lloyd, umevaa blauzi yangu! Huoni? Vifungo vya mwanamume hukaa kulia kwake, vya mwanamke kush..."

Hakumaliza. Lloyd alidhani amepaliwa.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika maktaba. Alisimama mbele ya baba yake, ambaye kila asubuhi alimsalimia, akatazama shati lake. Vifungo vilikuwa kushoto kwake. Akatazama la tano, la sita, mpaka la kumi na tisa. Ama wakata vifungo wote wa Haldane walikwenda kupigwa picha wamevaa blauzi za wake zao, ama aliyesafisha picha alikilaza kioo chali juu ya karatasi badala ya kifudifudi, na kushoto kukawa kulia. Mji mzima uliokula, kunywa na kusomesha watoto kwa vifungo ulikuwa umepita mbele ya picha ile miaka kumi na mitatu bila yeyote kutazama kifungo. Akachukua kioo kabatini, akakigeuza dirishani, akahesabu. Wa nne kutoka kushoto alikuwa moshi.

Ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja tu, nao uliishi mfukoni mwa aproni yake. Kwa siku kumi na tatu hakumwambia mtu. Lloyd alisema baadaye kwamba mkewe aliunguza maharage mara nne wiki hizo mbili, na kwamba usiku alimsikia akisema, "Nimekuwa naye miaka kumi na mitatu tu." Angenyamaza, angebaki na baba, na hakuna ambaye angejua. Bibi Alma alikuwa ameshalala makaburini na keki yake.

Jumapili ya tarehe 28 Aprili, wakati wa kahawa baada ya ibada, Verna alisimama juu ya kiti.

"Nisikilizeni! Picha ya maktaba iko kinyume. Tumetundika kinyume, tumesoma majina kinyume. Yule mzuri ni August Brandt. Moshi ni baba yangu. Mama Alma alituambia, nami nikamziba mdomo kwa keki."

Kijiko kilisikika kikianguka. Merle aliweka kikombe chini, akaenda mezani, akakata kipande kikubwa cha keki ya limau, akakileta hadi kwenye kile kiti.

"Shuka, Verna. Kula keki," akasema. "Macho hayo."

Verna aliila yote, machozi yakimtiririka hadi kwenye sahani. Alipomaliza akapangusa mdomo. "Keki yenyewe kavu."

"Na aliyeniita Mtoto wa Moshi nani?"

"Mimi. Na sasa Mtoto wa Moshi ni mimi. Niite."

Merle alimwita hivyo tangu siku hiyo. Picha ilisafishwa upya, ikatundikwa sawasawa. Merle akafuga masharubu kama ya August, na kwa heshima ya familia yake hatutasema zaidi. Verna aliendelea kuusalimia ukuta kila asubuhi, palepale, wa nne kutoka kushoto, ila sasa aliyemsalimia hapo alikuwa moshi. Alishikilia kwamba Emil alimgeukia Ottilie pale dirishani, kwani walioana Mei iliyofuata. Merle alishikilia kwamba kengele ya chakula ilikuwa imelia. Shauri hilo halijaamuliwa.

Lloyd alitangulia mwaka 1999. Kuanzia 2007 macho ya Verna yaliugua ugonjwa unaokula katikati: aliona mlango, aliona masikio na kola ya mgeni, lakini uso hakuuona. Hakulalamika sana. Majira ya baridi yaliyopita moyo nao ukachoka, akahamia kwa Joanne. Mwishoni mwa Januari Merle alikuja kumwona, na mkongojo wake, akasimama dirishani kwenye mwanga.

"Ni mimi, Verna."

"Najua, mzee, umenuka mate ya farasi toka darasa la tatu. Siku hizi kila anayeingia humu anafanana na baba yangu."

"Hata mimi?"

"Wewe bado. Wewe umetulia mno kama August."

"Sasa nifanyeje?"

"Tikisa kichwa basi."

Joanne alikuwa mlangoni na chai. Anasema Merle Brandt, mwenye miaka themanini na tisa na shingo mbovu, alishika mkongojo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa na daktari. Verna aliinuka kidogo kwenye mto.

"Haya," akasema. "Habari za asubuhi, baba."

Alifariki Jumatano, tarehe 3 Februari 2016, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na minane.

Ameacha binti yake Joanne, mwanawe Dennis, wajukuu watano, vitukuu wanne, mpwa wake Curtis, mwana wa marehemu kaka yake Walter, na Merle Brandt, ambaye ni ndugu kwa kosa la kusafisha picha. Picha ya jalada la ratiba hii ya mazishi imekaguliwa na watu watatu. Blauzi aliyovishwa ni ya buluu, yenye vifungo sita vya kombe vilivyotoka kwenye koti la nyuma ya mlango, na Joanne amehakikisha kwa mkono wake kwamba viko kushoto.

Apumzike kwa amani, chali kama alivyoagiza. Cha kulazwa kifudifudi ni kioo.