Zacharia Gachau na Trela Lililozidi Urefu

Kwa niaba ya familia, na kwa maneno ambayo mjane wake Waceke ameyapanga mwenyewe, tunawaeleza kwamba marehemu Zacharia Gachau alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Makongeni, Thika, akasoma shule ya msingi palepale, na alipomaliza darasa la nane mwaka wa 1994 akaanza kuosha malori katika Eneo la Viwanda, mpaka akajua kuyaendesha.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Waceke kanisani Ruiru, wakabarikiwa na binti wao wa pekee, Kui. Aliokoka mwaka wa 2011 na tangu hapo pombe hakuionja, jambo ambalo Waceke ameomba lisomwe mara mbili, kwa hivyo tunarudia, pombe hakuionja.

Mwaka wa 2018 aliandikwa kazi na Bwana Nicanor, ambaye ameketi pale mbele, kwenye kiti tulichoazima kwa jirani, kando ya shada lake kubwa. Januari mwaka huu Bwana Nicanor alipeleka trela lake kwa fundi, likachomelewa kipande kingine nyuma ili libebe zaidi, likapita urefu unaoruhusiwa na sheria, na Zacharia alipolalamika kwamba haliwezi kukata kona bila kuacha mkia barabarani, akaambiwa kama kupima kumemwingia hivyo, aende akashone nguo. Kazi ni adimu, akaendesha.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, akiingia hapa Witeithie, trela lilikwama kwenye kona, mkia ukabaki Thika Road, akashuka kuweka vibao vya tahadhari ili wengine wasigonge, na gari likamgonga yeye. Trela lilivutwa upesi hadi uani kwa Bwana Nicanor, Ruiru, kabla mtu yeyote hajalipima, geti likafungwa, na polisi wakaambiwa dereva alikuwa amelewa.

Zacharia alifariki tarehe 11 Februari hospitalini Thika, mkono wake ukiwa mkononi mwa Waceke, ambaye ana hasira na haifichi, na aliyeapa kwamba mumewe hatazikwa na jina la mlevi.

Bwana Nicanor alipokuja kutoa pole na kuuliza, kama ilivyo desturi ya waajiri, atoe gari gani la kusaidia mazishi, Waceke alimjibu kwa upole kwamba Baba Kui angefurahi sana hema na viti viletwe na trela lake mwenyewe, na Bwana Nicanor, anayependa kuonekana mkarimu, akakubali mbele ya wazee wa kanisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Makongeni, na madereva wenzake, hasa Ouma aliyeleta trela leo asubuhi, likakwama kwenye kona ileile, na ndiyo maana wengi wenu mmesimama juani, mtusamehe. Tunawashukuru pia maafisa wa trafiki, ambao Waceke aliwaalika rasmi, na ambao wako pale barabarani na tepu yao ya kupimia urefu, safari hii vibao vya tahadhari wakiviweka wao.

Bwana Nicanor, keti tu, ufunguo wa trela wanao maafisa, na vipimo vitasomwa hapa kabla ya jeneza kushushwa.

Baba Kui, hukuwa umelewa, na sasa kila mtu anajua. Pumzika kwa amani, mafundi wa kupima wamefika.