Fundi Saulo na Redio ya Meneja

Ndugu Saulo Kihwele, fundi wa Karakana yetu ya Redio, anastaafu tarehe 30 Juni 1977 baada ya miaka ishirini na minane ya kuinamia matumbo ya redio za watu. Kumi na miwili alifanya kazi tawi la Iringa, kumi na sita hapa Mbeya. Alihamia kwetu mwaka wa Uhuru, na mpaka leo anadai sherehe zile zilikuwa za kumpokea yeye.

Hakuwa mtu wa kukimbilia bisibisi. Redio ikiletwa, kwanza aliinusa, maana alisema kila hitilafu ina harufu yake. Kisha alimhoji mwenye nayo: inakaa wapi, nani huiwasha, ilizimika saa ngapi. Mchimba dhahabu mmoja wa Makongolosi alihojiwa hadi akasema afadhali polisi. Ikabainika redio yake ilikuwa ikikaa juu ya gunia la karanga, na panya waliozifuata karanga walikuwa wamehamia ndani na kuzaa. Kwenye kadi ya matengenezo Fundi Saulo aliandika kwamba wapangaji wamehamishwa.

Mwaka 1971 maji yalimfika shingoni. Meneja wetu, Bwana Gideoni, alikuwa na redio kubwa ya mbao, ya zile zenye taa za kioo ndani ambazo huchemka zikiwaka. Kila Jumapili saa kumi jioni aliwaalika majirani kusikiliza mpira, na kila Jumapili, kabla ya mapumziko, redio ilikata. Ikaletwa karakana. Juu ya meza ya Fundi Saulo iliimba kutwa nzima bila hata kukohoa. Ikarudishwa, ikakata. Alibadilisha fyuzi, akabadilisha kapasita, akalehemu upya kila kiungo alichokitilia shaka. Ilipokata mara ya nne, mpigaji akiwa ameshauweka mpira kwenye penalti, Bwana Gideoni aliandika barua ya onyo: ikirudi mara ya tano, fundi afungashe aende kwao Iringa akalime mahindi. Nyumbani kwa Fundi kulikuwa na watoto watano, na mkewe, Mama Lea, alikuwa na mimba ya wa sita.

Jumapili iliyofuata Fundi alikwenda kwa meneja na kikapu cha vifaa. Hakufungua kitu. Aliomba kiti, akaomba redio iwashwe, akanywa chai na kusikiliza. Dakika ya thelathini ikakata. Akapeleka kiganja nyuma ya redio, akakirudisha upesi, maana kulikuwa na moto kama kikaango. Mkosaji alikuwa kitambaa cha kufuma, kizuri ajabu, kilichoivika redio kutoka juu mpaka mezani. Kilikuwa kimetiwa wanga wa muhogo hadi kikakakamaa kama ubao, na kimeziba matundu yote ya kutolea joto. Karakana kitambaa hakikuwahi kufika, kwa kuwa kila mara kilivuliwa kwa adabu na kubaki nyumbani.

Sasa, kitambaa kile kilikuwa zawadi ya Bibi Damari wa Tukuyu, mama mkwe wa meneja, na mwanamume aliyeoa kule anajua kwamba zawadi ya mkwe haivuliwi. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Pembeni mwa kitambaa palikuwa na jogoo wadogo wekundu, na jogoo wale alikuwa akiwafuma mtu mmoja tu Mbeya nzima: karani wa mapokezi wa karakana yetu, aliyefuma chini ya meza saa za kazi na kumuuzia kila mteja aliyefuata redio yake. Bibi Damari alikuwa mmoja wao. Ukutani palikuwa na tangazo la meneja kwamba atakayekutwa na biashara yake kazini atafukuzwa siku hiyo hiyo. Tusifichane: karani huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Neno moja kuhusu kitambaa lingemsafisha Fundi na kunifukuzisha mimi. Hakulisema. Alimwambia meneja, uso mkavu, kwamba redio ile imetengenezwa Ulaya, haijazoea hewa ya milimani, hivyo ipewe nafasi ya kupumua. Akachonga fremu ya mbao, akaisimamisha nyuma ya redio, kitambaa kikakaa mbali vidole vinne. Haikukata tena. Meneja alifurahi hata akaamuru kila redio kubwa itoke karakana na fremu yake, na mpaka leo, Uyole hadi Mbalizi, utasikia mtu akiuliza kama redio imeshazoea hewa.

Jumatatu asubuhi Fundi alipita mapokezi na kikombe chake cha chai. Aliniambia jambo moja tu, kwamba nipunguze wanga.

Barua ya onyo ilibaki kwenye jalada. Mwaka uliofuata nafasi ya Fundi Mkuu ilipotangazwa, jalada lilifunguliwa, na nafasi akapewa Ndugu Yotamu, ambaye Fundi Saulo ndiye aliyemfundisha kushika pasi ya kulehemu. Mimi nilinyamaza. Miaka sita nimenyamaza, na aibu yake naijua mwenyewe.

Fundi Saulo amefundisha mafundi tisa, na hakuna aliyewahi kusikia akimfokea mmoja wao. Tumemwambia kwamba Unguja siku hizi wana televisheni ya rangi. Hajaiona, ila amesema ikiharibika ataanza kwa kuuliza wameifunika na nini.

Bwana Gideoni, najua unaisoma ratiba hii ya sherehe ya kumuaga Fundi ukiwa mstari wa mbele, na bila shaka umeacha kutafuna. Nakuomba mbele ya wote barua ile itolewe kwenye jalada la Fundi Saulo iwekwe kwenye langu. Tangazo bado liko ukutani, nami nipo mapokezi.

Fundi, ndaga fijo, asante sana kwa yote. Urudi Iringa salama, wewe na Mama Lea, shamba likukubali na afya isikuache. Kifurushi kilicho mbele yako nimekifuma mwenyewe, nyumbani, baada ya saa za kazi. Jogoo wako pale pale pembeni. Wanga sijatia.

Kalista, Mapokezi