Sufuria Iliyotaka Kuchoma Dunia

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Kinyozi, na mimi ndiye ninayewauzia kahawa hawa watu, kwa hiyo upuuzi wao naujua wote. Leo asubuhi Kinyozi kaja na sufuria ya wali na maharage. Wageni wa mkewe hawakutokea jana, ndipo mke akamwambia awapelekee wenzake chakula kabla hakijaharibika, na ole wake sufuria irudi nacho! Alipoitua tu, balaa likaanza.

KINYOZI: Jamani, redio imesema chakula kikioza jalalani kinatoa gesi inayopasha dunia joto. Sasa wali huu nikiumwaga, si nitakuwa nimeichoma dunia?

PROFESA (tunamwita hivyo kwa sababu ya miwani tu): Usithubutu! Wali una nafuu. Maharage sasa! Yale hata kabla hayajaoza yanatoa gesi.

MAMA MCHICHA, muuza mboga: Hilo kweli. Nalala na shahidi.

DEREVA: Tukifukie.

PROFESA: Ukifukie? Gesi ipite chini kwa chini, mtaa mzima uumuke?

MAMA MCHICHA: Tuwape bata basi.

PROFESA: Na bata akicheua? Wewe ndiye utakayemziba mdomo?

DEREVA: Mimi nasema tubane mfuniko, tuweke jiwe juu. Gesi ikijaa naifunga kwenye gari, nasafiri bure mpaka uzeeni.

KINYOZI: Na mke wangu nimwambieje? Sufuria yake imesafiri?

Jua likapanda. Nikawaambia waamue haraka, wakanijibu nimimine kahawa niache kuingilia, hili ni suala la dunia nzima. Nilikasirika, lakini nikamimina. Chini ya mfuniko kukaanza kutoka harufu.

PROFESA: Kufikiri kunachosha, jamani. Njaa inaniuma.

Wakachangishana, Dereva akakimbia dukani, akarudi na mikate. Wakaishambulia huku wakiendelea kuinusuru dunia.

Ndipo mke wa Kinyozi akatokea kufuata sufuria yake. Akafunua mfuniko, akaruka nyuma ameziba pua.

MKE: Kwa nini hamkula?

Kinyozi akainama kukagua viatu vyake. Mama Mchicha akakumbuka mboga zake hazijanyunyiziwa maji. Dereva akanigeukia mimi, eti nijibu mimi. Profesa alitaka kusema kitu, lakini mdomo ulikuwa umejaa mkate.