Kigoda cha Mama Chokaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupaka, kukwangua na kupaka tena, fundi wetu mkuu wa rangi, Mama Chokaa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Karakana itabaki na ndoo, ngazi na brashi zake zote. Kuhusu kigoda, endelea kusoma.

Alianza kama msaidizi wa kuosha brashi, enzi ambazo chumba kilihesabiwa kuwa kimepakwa vizuri ikiwa mwenye nyumba alitoka humo akibubujikwa na machozi. Mafundi walidhani ni machozi ya furaha. Yeye, ambaye kichwa kilimgonga kila jioni, alikuwa na mashaka. Akaanza kuulizauliza, kusoma na kujaribu: chokaa, udongo wa mfinyanzi, rangi za maji zisizo na harufu kali. Akatufundisha kugeuza kopo la rangi na kusoma kilichomo kabla ya kulinunua. Mbele ya kopo ni posa, husema, nyuma yake ndiyo ndoa yenyewe.

Si kila jaribio lilifua dafu. Mhasibu wetu hajasahau siku aliyoungia chai maziwa ya kwenye jokofu, kumbe yalikuwa yamegandishwa kwa siki, yakingoja kuwa rangi ya ukuta. Mama Chokaa alimpa pole, kisha akamuuliza kama yamebaki.

Lakini kilichomjengea jina ni kigoda. Chumba kikishakauka, hukiweka katikati, hufunga madirisha, na aliyechagua rangi hukaa humo peke yake mpaka amalize kikombe cha chai. Akipiga chafya, akitokwa machozi au kichwa kikimuuma, kazi inarudiwa. Na kwa kuwa ziko sumu zisizonuka, kigoda hakimwondolei mtu wajibu wa kusoma kopo.

Mkuu wetu wa Mauzo, tuliyempachika jina la Mng'ao kwa kupenda kuta za kujitazamia, alipofika mwaka jana alitangaza kwamba Mama Chokaa akistaafu, kigoda nacho kistaafu, maana kinafukuza wateja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa haambiliki.

Wakati huo mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, na kifua chake hubanwa kwa kitu kidogo tu. Mng'ao akaamua kumshangaza. Akapaka chumba cha mtoto kwa mkono wake mwenyewe, rangi ya mafuta, tabaka tatu, kuta zikang'aa kama sufuria mpya. Hazikupita siku mbili mke akaanza kuhema kwa shida, akahamia kwa mama yake. Mama mkwe akatuma ujumbe mfupi: binti yake harudi, wala mjukuu haletwi, mpaka nyumba inuke nyumba.

Mng'ao alizunguka karakana wiki nzima akisingizia mafua. Mwishowe alimfuata Mama Chokaa stoo, akidhani hakuna anayesikia. Stoo yetu ina ukuta wa mbao. Alimwambia anaogopa mtoto wake atazaliwa akose kwao pa kupelekwa. Hapo hata sisi wambea tuliacha kucheka.

Mama Chokaa hakumsimanga. Alibeba kigoda, akaenda kumkalisha chumbani humo. Chai haikufika nusu. Wakalowesha kuta ili vumbi lisiruke, wakakwangua mpaka kwenye plasta, wakapaka chokaa, wakayaacha madirisha wazi kwa wiki kadhaa. Aliyekuja kukikalia kigoda mara ya pili ni mama mkwe mwenyewe. Alimaliza chai yake, akaomba kikombe kingine. Mke akarudi nyumbani. Binti yao sasa analala fofofo chumbani humo. Anayekesha ni baba.

Wiki hii Mama Chokaa alipofunga vitu vyake, kigoda hakikuonekana. Tulitafuta kila kona. Tulikikuta ofisini kwa Mng'ao, mwenyewe amekikalia, magoti yakikaribia kidevu, akimweleza mteja habari za kikombe cha chai. Kiti chake cha kuzunguka kilikuwa kando, kimefungwa utepe.

Kiti hicho ni chako, mama. Asante kwa vifua vyetu na vya watoto wetu. Pumzika, uvute hewa safi, na maisha yako ya ustaafu yawe marefu na matamu. Kigoda hatukirudishi.